Orodha ya Marehemu

Mkulima hasa hulima kwa jembe alilo nalo. Anayeshinda akipima mipini, huyo anatafuta kivuli cha kukaa. Ndivyo walivyomaanisha wahenga, na anayebisha amtazame mtu tuliyemwita Daktari Kesho.

Alipoanza shahada ya uzamivu katika fizikia, msimamizi wake, mama wa maneno machache, alimkabidhi bunda la makala za kale zilizonakiliwa. "Anza na hizi, mwanangu." Daktari Kesho akaguna. Alikuwa amesikia kwamba mwanafizikia mmoja mashuhuri, sasa marehemu, aliacha orodha ya makala bora kuliko zote, ambazo kila mwanafunzi wake alilazimika kuzisoma. Akaapa kwamba bila orodha hiyo hasomi kitu.

Basi akawa mtu wa barua. Aliandikia maktaba, akaandikia jamaa wa marehemu, tena na tena, kama aliyepotelewa na ng'ombe. Karatasi zilipomwishia, akaandika rasimu za barua nyuma ya zile nakala za msimamizi.

Mkewe alishona nguo za watu kutwa ili watoto wapate kula. "Baba watoto, ufadhili wako unakwisha. Si usome hata hizo ulizo nazo?"

"Wewe shona. Fizikia niachie mimi."

"Haya, nimenyamaza." Akarudi kwenye cherehani yake.

Orodha ilifika siku ileile moja na barua ya chuo: amefutwa, kwa kuwa hajaandika hata sura moja ya tasnifu yake. Barua aliitupa kando, akafungua orodha. Akasoma jina la makala ya kwanza, akasita. La pili, akalirudia mara mbili. Akavuta droo, akageuza rasimu moja, kisha nyingine na nyingine. Masikini! Makala zote za orodha zilikuwa humo, nyuma ya barua zake mwenyewe.

Alimkimbilia msimamizi. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia uanze na hizo. Ulitaka nikupigie na ngoma? Marehemu alinifundisha mwenyewe. Miaka yote hii nangoja uniulize swali moja tu."

Alirudi nyumbani, orodha mkononi. "Mke wangu, nimeipata orodha."

Mkewe hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Hongera. Sasa utaifanyia nini?"

Cherehani ikaendelea kulia. Kweli, mchagua jembe si mkulima.