Vuai na Salamu Zisizokwisha

Hapo zamani, si ile zamani ya majini na mazulia yarukayo, bali zamani ya karibu, simu zilipokuwa zimekwisha kuingia mjini na akili ya kuzitumia ikawa bado iko njiani, palikuwa na Sultani mmoja aliyetawala mji wa Shungi, jina lake Sultani Azani. Mnara wa simu ulisimama juu ya dari ya jumba lake, na kila neno lililotoka Shungi lilipita kwake likaacha ushuru. Katika mji huo aliishi fukara mmoja aitwaye Vuai, fundi wa miavuli. Mvua ya Shungi hunyesha kwa kubahatisha, nayo ikinyesha watu hukaa ndani. Vuai alilijua hilo, na kila alipoulizwa kwa nini aliichagua kazi ile, alijibu kwamba kazi nyingine zote zilikuwa na wateja, naye hapendi kusumbuliwa.

Huyo Vuai alikuwa na binti mmoja, Mize, aliyeolewa kisiwa cha mbali ambacho nauli yake baba hakuipata hata kwa ndoto. Mize alikuwa mja mzito, mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimetimia. Mama yake alikufa kwa uzazi, uzazi huohuo wa kumleta yeye duniani. Basi Vuai akawa hali akashiba wala halali akapumzika. Alitaka kujua jambo moja tu, kwamba mwanawe amejifungua salama na yu hai.

Lakini sisi watu wa Shungi, maana na mimi ni wao na nikiwasema najisema, hatuwezi kuuliza jambo kabla ya kusalimiana, na salamu zetu si za kwenda mbio. Huulizwa mtu mwenyewe, kisha mumewe, kisha wakwe mmoja mmoja kwa majina, kisha majirani, kisha mifugo. Baba amwulizaye binti yake habari za tumbo kabla ya kuwataja wakwe huonekana hakufunzwa adabu. Wala binti na wakwe zake hawatangulizi wenyewe habari hiyo, hungoja waulizwe. Basi Vuai alinunua vocha, akapiga, na kila mara salio lilimkatikia wakiwa kwenye mbuzi. Ikawa anaijua afya ya mbuzi wote wa kisiwa kile, na ya mwanawe haijui.

Sasa, Waziri Mbaruku, mshauri wa Sultani katika mambo ya ushuru, aliziona salamu hizo akaona ni mgodi. Akanong'ona na bwana wake, na asubuhi moja mbiu ikapigwa kwamba kila mwenye simu achague kabla ya Ijumaa. Apendaye na abaki na lipa kabla, ila vocha zimepandishwa bei na kupunguzwa muda, hata ikawa vocha nzima haivuki marahaba. Asiyetaka na afunge mkataba na Sultani, na maneno ya mkataba yalisomwa sokoni watu wakasikia: "Mwenye mkataba atasema asikatwe, na atakapomaliza kusema haja yake ndipo atakapolipa. Asiyekuwa na cha kulipa atavunja mawe ya Sultani hadi deni liishe." Waziri aliwajua watu wake, kwamba watasema mpaka wafilisike.

Wenye busara wakabaki na lipa kabla, wakanyamaza. Vuai akaenda kutia dole gumba kwenye mkataba. Jirani yake Mshamu, kinyozi ambaye dukani mwake ndimo Vuai alimokuwa akichaji simu, alimkimbilia njiani akamshika mkono.

"Vuai, wewe huna hata pesa ya ndizi. Mkataba wauendea nini?"

"Ndugu yangu, mimi ndiye niliyechagua miavuli," akajibu Vuai. "Ukiniona nimechagua jambo, wewe chagua jingine, utapona."

Kulipokucha akaketi kwa kinyozi, simu imechomekwa ukutani, akampigia Mize. Shikamoo ikaja, marahaba ikaenda, akaulizwa mume, wakaulizwa wakwe, wakaulizwa majirani, mpaka wakafika kwenye mbuzi, na safari hii hakuna aliyewakata. Moyo ukamruka. Akafungua kinywa aulize, na hapo ndipo alipouona ujinga wake. Akishauliza, na Mize akishajibu, haja imekwisha. Haja ikiisha, deni limeiva. Deni likiiva, yeye huyoo machimboni, na mjukuu hatamtia machoni. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa ujanja wake mwenyewe. Basi akafunga kinywa, akarudi kwa mbuzi. Akaanza kusimulia kikohozi cha beberu wa jirani, tangu kilipomwanza. Mize akaguna, akaguna tena kwa nguvu zaidi, na Vuai akafurahi kuona mwanawe ana huruma na wanyama. Kisha Mize akasema, "Niwie radhi, baba, nampa mama simu," na mkwewe, Bi Zamda, akaipokea. Naye Bi Zamda alikuwa mwanamke ambaye kumsalimia ni kazi ya kutwa.

Siku ikaisha, ikaja nyingine, na simu iko hewani. Watoza ushuru wakaja kumwuliza Vuai kama amemaliza kusema haja yake. Akawajibu kwamba haja hajaigusa, bado anasalimia. Wakausoma mkataba, wakakuna vichwa, wakaondoka. Habari ikaenea, na wale wenye busara wote wakakimbilia mkataba, ikawa mji mzima umo katika salamu wala hakuna aliyefika kwenye haja. Ushuru ukakauka, na Sultani akaamuru aletwe huyo aliyeanzisha.

Vuai akaingia barazani simu sikioni na betri ya gari la kinyozi kichwani, waya ukimning'inia shingoni.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "wanipora mchana kweupe. Utamaliza lini?"

"Mtukufu Sultani, nimefika kwa kuku. Kuku wa Bi Zamda ni wengi."

Waziri akataka Vuai alazimishwe kuuliza haja yake palepale, mbele ya mashahidi. Vuai akapiga magoti, na mzaha wote ukamtoka.

"Bwana wangu, nikiuliza nitakuwa nimemaliza, nami sina cha kulipa. Na hata ningekuwa nacho, naogopa. Maadamu sijauliza, mwanangu yu hai."

Sultani akauliza haja yenyewe ni ipi, na Vuai akamweleza yote, mpaka kifo cha mkewe. Sultani naye alikuwa na mabinti. Akanyoosha mkono akaitwaa simu, akajitaja jina, akauliza moja kwa moja Mize yu hali gani.

Bi Zamda, aliyekuwa kibarazani kwake muda wote huo, aliposikia sauti ya Sultani alimwamkia kwa heshima, akauliza hali yake, na ya bibi mkubwa, na ya bibi mdogo. Sultani naye ni mtu wa Shungi. Hakuweza kuliacha swali la mama mtu mzima bila jibu. Akaketi vizuri. Waziri akamkonyeza, Sultani akampungia mkono anyamaze. Walipofika kwenye farasi, Bi Zamda akaingia ndani na simu ili mkwewe naye amsikie mfalme, na mara kilio cha kichanga kikajaa baraza zima.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza Sultani.

Sauti ya Mize ndiyo iliyojibu. "Wangu, bwana wangu. Nilimzaa siku ileile baba aliyonipigia, tulipokuwa kwenye kikohozi cha beberu. Niliona haya kumkatiza mzazi wangu salamu."

Baraza likaangua kicheko, na Sultani akacheka hata kilemba kikamtoka. Waziri peke yake hakucheka. Akasema haja imeulizwa na imejibiwa, basi Vuai na alipe.

"Aliyeuliza ni Sultani," akasema Vuai, machozi yakimtiririka. "Mimi bado niko kwa kuku."

Sultani akacheka upya, akaamuru kwamba tangu siku hiyo salamu za Shungi hazitozwi ushuru, na zile zilizokwisha kusemwa zilipwe na Waziri aliyeziona mgodi. Tena akaamuru Vuai apewe nauli ya kwenda na kurudi. Kisha akamrudishia simu, akamwambia aseme na mwanawe apendavyo, halipi kitu.

Vuai akaishika kwa mikono miwili. Mize akaita, "Baba, upo?" Baba mtu akafungua kinywa, na neno halikutoka hata moja. Akawa analia tu, simu sikioni, na Mize akamngoja upande wa pili, na hakuna aliyewakata.

Nami naishia hapa, maana mimi niliyewasimulia bado nalipa kabla.