Bi Mashaka na Ukuta wa Udongo

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia?

Afinywe!

Hapo zamani za kale alikuwepo ndege hondohondo mmoja, Bi Mashaka. Alipotaka kutaga, alifanya wafanyavyo mahondohondo wote wa kike: akaingia ndani ya pango la mti, akaziba mlango kwa udongo, akaacha tundu la kupitishia chakula tu. Humo ndani manyoya ya mabawa yake yakapukutika. Mumewe, Mzee Kombo, akawa analeta makuyu asubuhi, makuyu mchana, makuyu jioni, hata akakonda akabaki mdomo na macho.

Binti yao Siwema akaanguliwa, akakua, akaota mabawa.

Siku moja Mzee Kombo akaleta kuyu moja tu. "Mke wangu, hili ndilo la mwisho. Leo tunahamia ng'ambo ya mto. Asiyeruka atakufa njaa hapa."

Siwema akadonoa ukuta. Ko!

"Uwiii! Mwewe!" akapiga kelele Bi Mashaka. Siwema akaanguka chali. Mama akaziba ufa.

Akadonoa tena. Ko! Ko!

"Uwiii! Upepo!" Siwema chali. Mama akaziba.

Akadonoa mara ya tatu. Ko! Ko! Ko!

"Uwiii!..." Bi Mashaka akatafuta cha kutaja, akakosa. "Uwiii tu!"

"Mama," akasema Siwema, "mwewe simwoni, upepo siusikii. Kinachoniangusha ni hiyo uwiii yako."

Bi Mashaka akapandwa na hasira. Akataka kumkaripia, mara akajitazama: mabawa yake mwenyewe yalikuwa yanatetemeka. Manyoya yalikwisha kuota zamani, naye hajayajaribu hata siku moja. Akaona haya.

"Mwanangu, mwoga ni mimi. Nilikuwa nasingizia mwewe na upepo."

Akavuta pumzi. Kisha, kwa kuwa alijijua, akalibana lile kuyu mdomoni ili asipige kelele.

Ko! Ukuta ukabomoka. Siwema akaruka, akaporomoka! "Mmmm!" akaguna Bi Mashaka, lakini kuyu halikutoka. Siwema akakunjua mabawa, akatua tawini.

"Zamu yako, mama!"

Bi Mashaka akachungulia chini, magoti yakagongana. Siwema hakupiga kelele. Akasema taratibu, "Polepole, mama. Mimi nipo."

Bi Mashaka akameza kuyu, akaruka. Mzee Kombo akatokwa na machozi. Kama ni kwa furaha au kwa lile kuyu, mimi sikuuliza.

Basi wazazi wenzangu, mwana hutazama kisogo cha nina. Ukitaka mwanao asimame mwenyewe, tuliza kwanza magoti yako.

Hadithi yangu imeruka. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.