Mwenye Shamba la Mwisho

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma huko sijawasikia. Paukwa!

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, kabla mtu yeyote hajaitwa mfalme wala jumbe, palikuwa na mfereji mmoja ulioteremka mlimani. Juu alilima Nguruwe, katikati alilima Nyani, na mwisho kabisa alilima mjane mmoja, jina lake Nakiete. Maharage yake ndiyo yaliyokuwa chakula cha wanawe, na mwaka huo yalikuwa yananyauka.

Nakiete akapanda kwa Nguruwe kuomba maji. Akamkuta anagaagaa topeni.

"Yamepita kwangu, ni yangu," akasema Nguruwe.

Akaenda kwa Nyani. "Yamepita kwangu, ni yangu."

Akarudi shambani, akamkuta Panya ananyonya tone lililobaki. Hata yule naye hakuona haya. "Yamepita kwangu, ni yangu." Nakiete akakaa chini, akalia.

Baadaye mafuriko yakashuka kutoka kileleni, yakabomoa banio, pale maji yanapoingilia mfereji. Nguruwe akasema ni kazi ya Nyani. Nyani akasema ni kazi ya Panya. Panya akasema yeye ni mdogo. Mfereji ukakauka kutoka juu mpaka chini, na sasa kila mmoja akaonja alichokionja Nakiete.

Wakakutana penye banio. Wakakubaliana awepo mmoja wa kugawa maji, kuita watu kazini na kumfungia mkaidi maji. Nguruwe akautaka ukubwa kwa nguvu zake, Nyani kwa akili zake. Walibishana mpaka makoo yakawakauka, na maji ya kunywa hayakuwapo.

"Nipeni mimi," akasema Nakiete. "Shamba langu ni la mwisho. Maji yakinifikia, jueni kila mtu ameshapata."

Wakamkubali. Wakajenga banio, wakamkabidhi jembe la kufungulia maji, na kila mmoja akaahidi kumpa kikapu wakati wa mavuno, maana anayelinda mfereji hana muda wa kutosha wa kulima. Wa kwanza kufungiwa maji alikuwa Nguruwe. Alinuna, lakini hakuhama.

Maharage yakazaa, watoto wakashiba. Kwa furaha, majirani wakamzawadia Nakiete shamba jipya, jeusi kwa rutuba, juu kabisa kando ya banio. Nakiete alilitazama sana. Alilitamani, tusidanganyane.

"Siku mtakayoniona nalima huku," akasema, "ninyang'anyeni jembe."

Akateremka kwake. Na hadithi yangu imeishia hapo, mwisho wa mfereji.