Jiwe la Mama Chembe

Paukwa.

Mbona kimya? Itikieni pakawa, nyote, wakubwa na wadogo, maana hadithi hii ina pango ndani yake na mimi nikiwa peke yangu naliogopa. Paukwa. Haya, nimewasikia. Sogeeni.

Hapo zamani za kale wanyama wa bonde moja walikaa kwa agano. Wenye meno makali wanawinda ng'ambo ya mto, na watoto wa bondeni hawaguswi. Atakayevunja agano, pango linamngoja. Pango lenyewe dogo, mdomo mmoja, nyuma hakuna pa kutokea. Mkosaji anaingizwa ndani, kisha kila nyumba inaleta jiwe. Jiwe moja tu. La kwanza linawekwa na nyumba iliyofiwa, wengine wanafuata, jiwe juu ya jiwe, ko, ko, ko, mpaka mwanga unakwisha. Halafu wote wanarudi nyumbani wanakula. Nani ameua? Hakuna. Kila mmoja ameweka jiwe moja tu, na jiwe moja haliui mtu. Ndivyo walivyosema.

Basi mtoto wa Swala akapotea. Wakamtafuta. Wanyama wale walitafuta kila kitu kwa pua, pua chini, fff, fff, fff. Pua zikawafikisha kwa Fisi, amelala chini ya mti, mgongo wake una damu. Fisi akaamka akasema hajui damu imetoka wapi, yeye alijilalia tu kivulini. Wakacheka. Fisi, damu, na eti hajui. Wakampeleka pangoni. Swala akaweka jiwe la kwanza. Ko. Wengine wakafuata.

Kiangazi kikaja, mti ule ukapukutisha majani. Na kule juu, kwenye panda ya tawi, ikaonekana mifupa ya mtoto wa Swala, imebanwa vile Chui anavyobana nyama yake. Damu ilidondoka kutoka juu, to, to, to, ikamwangukia Fisi mgongoni akiwa usingizini. Wote walinusa chini. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Wakakimbia pangoni. Wakabomoa ukuta kwa pembe, kwa kwato, kwa midomo. Fisi walimkuta nyuma ya jiwe la kwanza. Kucha zake zote zilikuwa zimekwisha.

Siku hiyo kila nyumba ikachukua jiwe lake ikaondoka nalo, na baraza likaapa pango lisizibwe tena. Mawe yakapata kazi nyingine. Ngiri akawa anajikunia mgongo kwenye lake. Nguchiro akawa anapasulia konokono. Na nyumba ya Kanga, wale ndege wa madoadoa, jiwe lao lilikuwa na kishimo katikati, umande unajaa humo na vifaranga wanakunywa.

Miaka ikapita, nyumba ile ikawa ya Kanga mmoja, mama kijana, ndiyo kwanza ametotoa. Vifaranga saba. Aliyetangulia kutoboa ganda akaitwa Chembe, na majirani wakaanza kumwita mama yake Mama Chembe.

Asubuhi moja alitoka, hapo tu, si mbali, kutafuta mchwa. Akarudi. Akahesabu. Sita. Akahesabu tena. Sita. Manyoya ya Chembe yako kwenye nyasi, machache, na harufu ya Kicheche imetanda kote.

Kicheche mnamjua, yule mdogo mwenye mistari mgongoni, akishtuka anatoa harufu mpaka macho yanachoma. Pua chini, fff, fff, fff, wakamkamata. Hakukataa kwamba alipita pale. Alisema kuna kitu kikubwa kilimshtua, akatoa harufu, akakimbia, kifaranga hakumgusa. Kanga akamtazama, hakujua amwamini au asimwamini. Alitaka kumdonoa macho. Siwafichi, alitaka.

Lakini Mbweha alikuwa ameshapanda juu ya kichuguu. Huyu Mbweha alikitamani kiti cha baraza siku nyingi. Akasema watoto wanaliwa kwa sababu pango liko wazi, wauaji wanalipita wanacheka. Akasema mawe yarudi. Wakaitikia, yarudi. Akasema tena. Yarudi. Mzee Nyati, mwenyekiti wa baraza, akaona watu wake wamechemka, akasema basi, keshokutwa, jua likifika utosini, kila nyumba ilete jiwe lake, na Mama Chembe ndiye atakayeanza.

Wote wakamgeukia Kanga.

"Silitoi," akasema.

Mbweha akainamisha kichwa upande. "Mama Chembe, aliyeliwa ni wako. Au hao waliobaki wanakutosha?"

Wapo waliocheka. Kanga akawakusanya sita wake chini ya mbawa.

"Hawa nawaogopea kila nikipepesa jicho," akasema. "Mfungeni Kicheche. Mzungushieni miiba, na mimi nitakuja kulinda zamu yangu kama wengine. Lakini pangoni siweki jiwe. Aliyefungwa mnaweza kumfungulia. Fisi mlimfungulia mkakuta nini?"

Mbweha akajibu haraka kwamba kama mfiwa hataki, jirani ataanza. Mzee Nyati akakuna pembe, akasema hilo wataliamua siku yenyewe.

Kanga akabaki na siku mbili. Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, na vifaranga nyuma yake, kwi, kwi, kwi, kwi, kwi, kwi, maana angewaacha na nani?

Alianza kwa Ngiri, jirani yake wa karibu. Alimkuta anajikuna kwenye jiwe, kwaru, kwaru. Ngiri akamwambia kwa upole arudi akalee watoto, mambo ya baraza yana wenyewe. Kanga akamwuliza, baba yako aliweka mawe mangapi siku ya Fisi? Moja tu, akasema Ngiri. Na Nyati? Moja. Na Nguchiro? Moja. Sasa Fisi aliuawa na nani? Ngiri akaacha kujikuna. Akasema atafikiri, na akaingia shimoni kinyumenyume, kama kawaida yao.

Kwi, kwi, kwi, wakafika kwa Nguchiro. Huyu hakuwa na upole. Alisema ana watoto kumi na mmoja, na Kicheche akiachwa hai, kesho zamu ni yao. Kanga akasema hofu hiyo anaijua, anaamka nayo, anakula nayo. Akamwuliza tu, je, pango lilimtisha Chui? Nguchiro akamshusha konokono aliyetaka kumpasua. Alikuwa msichana siku ile ya ukuta. Akakumbuka Chui alivyokuja kama wengine, na jiwe lake, akaliweka juu ya yale mengine, akalisukuma kwa mguu likae sawasawa, kisha akampa Swala pole.

"Alilisukuma likae sawasawa," Nguchiro akarudia, polepole. Konokono wake akawa anatambaa zake, hakumwona.

Mwisho, nyumba ya pembeni kabisa, kwa Swala. Swala amezeeka, barazani haji tena. Jiwe lake yeye hakulipa kazi. Liko chini ya kichaka, ukoga umelifunika.

Kanga akamwamkia. Swala akaitika marahaba, akawatazama vifaranga mmoja mmoja, akaona kwamba mmoja hayupo, kwa sababu mama aliyefiwa anaona.

"Bibi," Kanga akamwuliza, "ulipoweka jiwe lako, ulipata usingizi?"

"Siku hiyo moja nililala vizuri sana," Swala akasema. "Ya pili nikaamka namtafuta mwanangu. Hayupo. Pango limejaa, na yeye hayupo. Halafu majani yakapukutika. Tangu hapo nina wawili wa kulilia, na wa pili nimemuua mimi. Wanasema jiwe moja haliui mtu. Uzito wa langu ninaujua."

Kanga akamwomba aje pangoni aseme hivyohivyo. Swala akasema miguu haimpeleki tena mbali, na mdomo pia. Kanga hakumlazimisha. Kwi, kwi, kwi, wakarudi.

Siku ikafika. Jua utosini. Kicheche ameingizwa pangoni, amejikunja kama jani kavu, harufu yenyewe imemwishia. Mawe yamekuja, mengine yanabingirishwa, mengine yanabebwa kwa meno. Mbweha akauliza ni jirani gani atakayeanza. Macho yakaenda kwa Ngiri, na Ngiri alikuwa na jiwe lake kwenye meno yake marefu yaliyopinda.

Kanga alikuja bila jiwe. Alipita katikati ya kwato, vifaranga nyuma yake, akaenda moja kwa moja mpaka mdomoni mwa pango, pale pale linapokaa jiwe la kwanza. Akalala. Akafungua mbawa, sita wakaingia chini.

"Anayetaka kuanza, aliweke juu yangu," akasema.

Mbweha akasema huyu ndege amerukwa na akili kwa msiba, aondolewe. Hakuna aliyesogea. Akasema tena. Kwa mbali zikasikika kwato, tako, zinasimama, tako, zinasimama. Ilikuwa Swala. Alikuja akihema, wakampisha, akajilaza kando ya Kanga kwenye kizingiti cha pango.

"La kwanza la siku ile niliweka mimi," akasema. "Leo haliwekwi."

Ngiri akamtazama Swala, akamtazama Kanga, akamtazama Kicheche kule ndani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mgongo unamwasha na jiwe lake analihitaji nyumbani. Wakacheka, cheko la kushusha pumzi. Nguchiro akasema na yeye ana konokono wanamngoja. Mawe yakaanza kugeuzwa, moja, moja, moja, garagara mpaka njiani.

Mzee Nyati akamwuliza Mbweha jiwe la nyumba yake liko wapi, mbona halijaonekana. Mbweha hakuja nalo. Alidhani ya wengine yangetosha.

Basi Kicheche akatolewa, akazungushiwa boma la miiba, miiba mirefu, na zamu zikapangwa. Mzee Nyati akaagiza upelelezi uanze upya, wanuse chini na watazame juu, mti kwa mti. Zamu ya kwanza aliichukua Kanga. Alikaa mbele ya boma, hakumsemesha Kicheche. Msije mkasema alimsamehe. Hakumsamehe. Kila asubuhi anapowapeleka sita wake kunywa umande kwenye jiwe, anahesabu mpaka saba, halafu anakumbuka.

Ni Kicheche aliyemla Chembe, au siye? Kanga hajui. Lakini boma lina mlango. Siku wakijua, watafungua, au wataacha limefungwa. Pango halina mlango.

Na maana yake ni hii, wanangu, na ninyi wakubwa mlio nyuma msijifanye mmesinzia. Sheria ya kuua ikishaondolewa isirudishwe. Haimrudishi aliyekufa, haimtishi muuaji, na ikikosea hakuna wa kuirekebisha. Akija mtu juu ya kichuguu akitaka mawe, hata kama unaogopa, hata kama mtoto aliyeliwa ni wako, usimpe lako.

Hadithi yangu imekomea hapo, mdomoni mwa pango, na pango liko wazi.