Kwale na Makato ya Panyabuku

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliokatwa mshahara? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Leo msitegemee kucheka sana. Hadithi hii kila nikiisimulia napandwa na hasira, na leo nimeamka nayo.

Kale na kale, wanyama walipokuwa na mishahara na kodi za nyumba kama sisi, alikuwepo Kwale. Kwale mjane, mama wa vifaranga watano. Kitinda mimba wake aliitwa Chausiku, maana alianguliwa usiku. Mdogo, shingo nyembamba, lakini kwa kelele aliwashinda wote. Mama akichelewa kidogo tu, Chausiku analia, "Pii! Pii! Pii!" mpaka majirani wanaziba masikio.

Kwale alifanya kazi kwa Nyati. Kazi gani? Kuparua. Kila asubuhi anaparua malalo ya Nyati. Paru, paru, paru! Anatoa miiba, anadonoa kupe, anasawazisha mchanga mpaka Nyati alale kama sultani. Kwa kazi hiyo alilipwa punje arobaini za mtama kila Ijumaa. Punje thelathini ni kodi ya shimo alilopanga kwa Nguchiro. Zinabaki kumi. Mama na watoto watano, juma zima, punje kumi! Panapopungua ni panzi na mchwa wa kuokoteza. Lakini Kwale aliweza. Aligawa, akajinyima, watoto wakakua.

Zamani Nyati alimlipa mkononi. Siku moja akasema, "Kwale, mimi silipi tena namna hii. Nenda kwa Panyabuku akufungulie chungu. Mshahara wako utaukuta huko."

"Bwana Nyati, mimi chungu cha nini? Punje zangu nazificha chini ya bawa, zinatosha hapo."

"Nimeshasema. Hutaki, kazi basi."

Ungefanyaje wewe? Kwale akaenda.

Panyabuku alikuwa na ghala ndani ya kichuguu kikubwa. Humo ndani vyungu, vyungu, vyungu! Kila mnyama na chungu chake. Panyabuku mwenyewe mnene, kitambi mbele, mkia nyuma, maneno matamu tele. "Karibu, Bi Kwale! Karibu, mama! Hapa mtama wako umelala salama. Haunyeshewi, hauibwi, hauliwi na panya."

Hauliwi na panya! Na anayesema ni panya! Na wanyama wazima, wenye akili zao, wakaamini.

Dirishani alikaa karani wake, Kasuku. Kasuku alikuwa na kitabu kimoja na jibu moja. Umuulize hili, umuulize lile, atakwambia, "Ndio utaratibu! Ndio utaratibu!"

Basi ikafika Ijumaa moja ya kiangazi. Kiangazi kikali kweli. Panzi hakuna, mchwa hakuna, ardhi imekauka kau. Chunguni mwa Kwale zilikuwemo punje kumi za juma lililopita. Hakuzigusa, alijinyima makusudi. Alfajiri Nyati akaleta mshahara, punje arobaini, zikamiminwa dirishani, chwaa! Kwale alikuwepo, aliona kwa macho yake. Kumi na arobaini ni ngapi, watoto?

Hamsini!

Hamsini. Sasa, mdomo wa kwale hubeba punje mbili tu. Akizidisha, zinateleza kooni. Basi Kwale akachota punje mbili, mbio, akampa mtoto wa kwanza. Akarudi, akachota mbili, mbio, mtoto wa pili. Akarudi, mbili, wa tatu. Akarudi, mbili, wa nne. Akarudi, mbili, Chausiku. Chausiku akala, akanyamaza. Safari tano, punje kumi. Jioni akaja Nguchiro dirishani kuchukua kodi yake, punje thelathini. Jumla zilizotoka, arobaini. Hamsini toa arobaini?

Kumi!

Hata wewe mdogo umejua. Na Kwale alijua hivyo hivyo. Akalala na moyo wake mweupe.

Jumamosi asubuhi akarudi. "Karani, hujambo? Naomba punje mbili."

Kasuku akafungua kitabu. "Huna."

"Sina nini?"

"Huna kitu. Tena unadaiwa. Unadaiwa punje ishirini."

Kwale akacheka, alidhani anataniwa. "Soma vizuri, karani. Hicho ni chungu cha mwingine."

"Ni chako. Jana umepita kitako cha chungu mara sita. Kila ukipita, faini punje tano. Ndio utaratibu!"

Msicheke hicho kitako. Ndivyo walivyoita. Ukichota ambacho hakimo, umepita kitako cha chungu.

"Nimepitaje," akasema Kwale, "nami nilikuwa na hamsini?"

Kasuku akasoma kwa sauti. "Chunguni kumi. Kodi ya Nguchiro, thelathini. Umepita kitako, faini. Punje mbili, faini. Punje mbili, faini. Punje mbili, faini. Punje mbili, faini. Punje mbili, faini. Mwisho, mshahara kutoka kwa Nyati, arobaini. Bado unadaiwa ishirini."

"Mwisho? Mshahara uliingia alfajiri! Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwepo! Na Nguchiro alikuja jioni!"

"Ndio utaratibu! Ndio utaratibu!"

Mmeelewa walichofanya? Nitarudia polepole, maana watu hawa hupenda tusielewe. Kilichoingia alfajiri wamekiandika jioni. Kilichotoka jioni wamekiandika alfajiri. Kwa hiyo humo kitabuni, kutwa nzima, Kwale alikuwa anachota kwenye chungu kitupu. Hakuchukua hata punje moja isiyo yake, akadaiwa ishirini!

Unasemaje, mjukuu wangu? Kwa nini karani hakumwambia mapema kwamba chungu kimeisha? Umeuliza swali la mtu mzima. Angemkatalia, faini wangeitoa wapi? Walimpa huku wanacheka naye, "chota mama, chota tu," na kila alipochota wanaandika.

Kwale akamwita mwenye ghala mwenyewe. Panyabuku akatoka, kitambi mbele.

"Bi Kwale, mama yangu, si uliweka alama ya ukucha kukubali masharti?"

"Nani alinisomea masharti?"

"Yamechorwa ukutani, upande wa ndani."

"Ndani naingia mimi?"

"Haingii mtu ndani. Ni kwa usalama wa mtama wenu."

"Na Bwana Nyati, naye mnamkata?"

"Ah, Nyati ana magunia! Mwenye magunia atapitaje kitako? Yeye mwaka huu tumempa zawadi, bonge la chumvi alambe."

Mnasikia? Mwenye magunia anaongezewa chumvi. Mwenye punje kumi anakatwa thelathini. Aliyepungukiwa anatozwa kwa kuwa amepungukiwa! Mimi mate yananikauka nikilitaja. Nipeni maji.

Na halikuishia hapo. Kila siku anayolala na deni, punje moja juu. Kwale akaenda kwa Nyati kumwomba walau punje chache za kukopa. Nyati akamjibu huku analamba chumvi yake, "Mimi nimelipa. Mengine ni yako na ghala." Kwale akaenda kuparua porini, kutwa kucha, paru, paru, paru. Vumbi tu. Siku nyingine panzi mmoja, wagawane watoto watano, mama anatazama.

Jumapili Chausiku alilia mchana kutwa. Jumatatu alilia mara tatu. Jumanne alilia mara moja. Jumatano hakulia.

Kwale akamfukia chini ya kichaka kwa kucha zake mwenyewe. Paru, paru, paru.

Alhamisi hakwenda kazini. Alikaa na wale wanne waliobaki. Ijumaa kabla jua halijatoka alikuwa ameshafika mbele ya dirisha la ghala. Machozi yalikuwa yamekauka, na hasira ilikuwa imekaa mahali pake. Nyati alipomimina mshahara, Kwale akaparua chini mstari mrefu, kwaruu! Akakaa pembeni yake.

Akaja Kobe. "Unachora nini, Bi Kwale?"

"Nachora kilichoingia, kwa zamu yake. Wiki iliyopita wamenigeuzia. Kilichoingia kwanza wamekiandika mwisho, wakanila faini sita."

Kobe akatazama huku na huku. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi walinila nne."

Akaja Kindi. "Mimi wamenila tisa. Nilidhani ni mimi sijui hesabu. Hata mke wangu sikumwambia."

Tazameni! Kila mmoja alijiona mjinga peke yake. Kila mmoja aliona aibu, akafunga mdomo, akaenda kulala na njaa yake. Na Panyabuku alikuwa ananenepa kwa aibu yao.

Basi wakachora wote. Kinachoingia, mstari mrefu. Kinachotoka, mstari mfupi. Kobe na wake, Kindi na wake, Sungusungu kwa mamia na vistari vyao vidogo. Mtu akija dirishani kuchota, kwaru! Akija kuweka, kwaruu! Mpaka jioni uwanja mzima umejaa mistari, na kila mmoja anaujua mstari wake, na jirani yake ameuona unavyochorwa.

Jua likizama Kwale akasema, "Karani, tusomee siku ya leo."

Kasuku akasoma. Vilivyotoka kwanza, vilivyoingia mwisho. Faini, faini, faini.

"Uongo!" wakapiga kelele. "Tazama chini! Mshahara ulitangulia! Tazama chini!"

Panyabuku akatoka mbio. "Mchanga si kitabu!" akasema, akazungusha mkia wake, fyuu, fyuu, fyuu, mistari yote ikafutika. Akasimama katikati, anahema, anatabasamu. "Haya, iko wapi hesabu yenu?"

Kwale akampa mgongo. Alimtazama karani. "Kasuku, nani alikufundisha kuandika hivyo?"

Sasa kasuku ni kasuku. Alichofundishwa atakisema, na atakisema kwa sauti ya aliyemfundisha. Akafumbua mdomo, ikatoka ile sauti nene ya Panyabuku mwenyewe, "Kinachotoka andika kwanza! Kinachoingia andika mwisho! Wachotao kidogo kidogo ndio wanaotulisha! Usiogope, aibu itawanyamazisha!"

Wanyama wote wakageuka kumtazama Panyabuku.

"Nyamaza, we ndege!" akafoka Panyabuku.

"Nyamaza, we ndege!" akasema Kasuku. "Nyamaza, we ndege!"

Nyati alikuwepo, ameyasikia yote. Alitafuna, akameza, akaondoka zake. Hakukatwa yeye, kwa nini aseme?

Wanyama wadogo wakaanza kusogea. Panyabuku akaona hali imekuwa mbaya. Akaingia ndani, akatoka na mtama, akaumwaga miguuni pa Kwale. "Bi Kwale, mama, tusifikishane mbali. Ni makosa ya karani. Deni lako nimelifuta. Faini zako zote hizi hapa, punje thelathini. Na hizi tano za pole. Haya, tumemalizana?"

Kwale akazitenga kwa ukucha, moja moja, mbele ya wote. Alizihesabu mpaka ya mwisho.

"Zimetimia," akasema. "Sasa nirudishie Chausiku."

Panyabuku akakodoa macho. Akachukua kitabu kutoka kwa karani. Akafunua karatasi, akafunua karatasi, akafunua karatasi.

"Chausiku... huyo hayumo kitabuni."

"Hayumo," akasema Kwale. "Alikuwa mwanangu."

Akainua ukucha, akaupiga ukuta wa kichuguu. Paru! Kobe akasukuma kwa gamba, ndi! Kindi akatafuna, Sungusungu wakachimba. Paru, ndi, paru, ndi, mpaka ukuta ukaanguka, puuu! Na humo ndani mkaonekana vyumba saba vya Panyabuku, vyumba vyake mwenyewe, mtama umefika darini. Nje watu wanazika watoto kwa njaa, ndani mtama unaota kuvu!

Panyabuku akajaza mashavu yake mtama kadiri alivyoweza, akakimbilia shimoni. Ndiyo maana hata leo mashavu yake ni mifuko, na mchana hatoki, anaogopa kukutana na aliowala. Waliobaki wakachukua kila mmoja kilicho chake, wakahesabiana kwa sauti, uwanjani, mchana kweupe. Kwale akabeba punje zake mbili mbili mpaka akamaliza, akawalisha wanne. Mafungu aligawa matano, kwa mazoea. Fungu la tano hakuna aliyeligusa.

Sasa wakubwa kwa wadogo, nisikilizeni. Maskini haishiwi kwa sababu hajui hesabu. Huishiwa kwa sababu anayemshikia hesabu anakula humo humo. Ukikatwa usichokielewa usione aibu, aibu ni ya aliyekukata. Uliza, na uulize mbele za watu, na uulize mapema, mtoto angali analia.

Hadithi yangu mimi imeishia hapo, nimeitua chini. Mwenye kuibeba aibebe na hasira yake, asiipunguze hata punje.