Mgeni wa Chumba Namba Tisa

Aliyeleta habari kwanza ni Ambakisye, dereva wa lori la saruji anayevuka mpaka wa Kasumulu mara kwa mara. Alisimama mlangoni kwa mama mmoja wa Kyela, akakataa hata kukaa, akasema kwamba dada wa yule mama, aliyeolewa Tete kule Msumbiji, anaumwa sana. Tarehe tano Aprili atapelekwa Lilongwe kwa matibabu. Atafikia gesti ya Mtanzania iliyo nyuma ya stendi, chumba namba tisa, na anamwomba mdogo wake amkute hapo. Ambakisye akaacha namba ya simu ya gesti, akaenda zake.

Sasa, ndugu zangu, dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye shambani. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Je, wewe ungengoja nini?

Yule mama hakuwa mtu wa kukurupuka. Alichukua daftari la mwanawe lililobakiwa na kurasa nyeupe, akapiga mistari kwa rula, akaanza kupanga. Nauli mpaka Karonga na malazi ya Karonga. Nauli mpaka Mzuzu na malazi ya Mzuzu. Basi la Lilongwe. Hati ya dharura ya kusafiria, kadi ya homa ya manjano, na pesa za kubadilisha mpakani ziwe kwacha. Mpaka hapo hakuna ubaya. Hata sisi tunafanya hivyo, na tunafanya vema.

Lakini ukurasa wa mwisho aliandika: zawadi za ukweni, maana mgonjwa hakosi kusindikizwa na wakwe. Kwao mtu haendi ukweni kwa dada yake mikono mitupu, na mtu wa Kyela akifika bila mchele wa Kyela ataulizwa kama kwao kuna njaa. Mchele wa zamani ulikuwa umekwisha ndani. Mpya ulikuwa bado shambani, mpunga umesimama kijani.

Tarehe tano ilipofika akapiga simu gesti, aombe radhi kwamba atachelewa wiki mbili.

"Dada yako ameshaingia, mama," binti wa mapokezi akamjibu kwa upole. "Yupo namba tisa."

Akaomba dada apelekewe simu. Akasikia kandambili zikitembea sakafuni, kisha mlango ukigongwa. Binti akarudi akasema mgeni hataki kushika simu, amesema tu kwamba anamsubiri.

Moyo wake ukatulia. Dada amefika, amelala mahali pazuri, madaktari wako karibu. Sasa haraka ya nini? Mnaona jinsi mioyo yetu inavyotusemesha?

Wiki mbili zikaisha, mpunga bado. Akaongeza kitenge cha mama mkwe na sufuria mbili mpya. Mumewe alipoona mizigo imejaa ukumbini akamtania, "Mke wangu, hii ni safari au unanihama?" Wakacheka wote. Kisha akapiga simu tena kusogeza siku.

Alipokea binti yuleyule, lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa.

"Yupo. Ila mama, chakula tunachompelekea hakiguswi. Wala halali. Anakaa kwenye kiti ameuelekea mlango, na kila nikigonga anauliza kama ni wewe."

Ilikuwa saa sita mchana na jua kali, lakini yule mama alijifunga kanga mabegani. Akaahidi kwamba anakuja. Alipokata simu alikwenda kutazama shamba, akaona masuke yameanza kugeuka rangi. Akajiambia, wiki chache tu.

Mara ya tatu simu ilipokelewa, na hakuna aliyesema. Alisikia kiti kikiburutwa, kama mtu anakisogeza karibu zaidi na mlango. Akaita jina la dada yake. Simu ikakatika.

Mwezi wa sita mpunga ukavunwa, ukakobolewa, akaondoka. Kila kitu kilikwenda kama daftari lilivyosema. Karonga alilala alipopanga kulala, na Mzuzu vilevile. Siku ya tatu, alasiri, aliingia gesti ile na mfuko wa mchele kichwani. Kwenye benchi la mapokezi alimkuta mwanamume aliyenyolewa kichwa. Akamtambua. Ni shemeji yake.

"Shemeji," yule mwanamume akamwuliza, "nani amekuita hapa?"

Akamjibu kwamba amekuja kumwona dada yake, wa namba tisa.

"Dada yako nilimzika tarehe tatu Aprili. Hakufika Lilongwe. Hata Tete hakutoka."

Akaeleza kwamba alimpa mtu wa malori barua ya msiba, kumbe haikufika. Wiki iliyopita gesti walimpigia simu, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha wageni, kumwuliza mkewe ataondoka lini. Akadhani kuna mtu anatumia jina la marehemu. Ndiyo maana amekuja.

 Binti wa mapokezi akachukua ufunguo, wakafuatana watatu. Chumba kilikuwa kitupu. Dirisha lina nondo. Kitanda kimetandikwa, shuka halina kunjo hata moja. Kiti kimeuelekea mlango, karibu mno, hata ikabidi wakisukume ndipo waingie. Mezani palikuwa na kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Yule mama akakifunua. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Ndugu zangu, msiniulize nani alikuwa kwenye kiti kile. Sijui. Tujiulize sisi, ni nani leo ameketi ameuelekea mlango kwa ajili yetu? Mzazi tuliyemwambia tutakuja tukijipanga? Ndugu tuliyekosana naye, tunayengoja kwanza mambo yetu yakae sawa ndipo tumwombe msamaha? Na Mungu je, si tunamwambia angoje mpaka tuwe na kitu cha kumpelekea? Tunaita hayo maandalizi. Tunayaita hata heshima. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetuomba mchele. Walituomba sisi. Tukawapa tarehe, kisha tukawapa tarehe nyingine.

Kesho yake asubuhi gari la Tete lilianza kuita abiria. Shemeji akamwambia yule mama kwamba kaburi liko mbali na mjini, na kwamba nyumba yake ni ya chumba kimoja, sasa atalala wapi? Yule mama akasema, "Sijui." Akapanda, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta.