Lambo la Korongo

Hadithi, jamani!
— Ije tamu, ije chungu, ije!
Niiseme?
— Iseme, tunasikia!

Hapo zamani za kale, kanga waliishi kwenye kilima kikavu. Sisemi kanga za kuvaa, nasema wale ndege wenye madoadoa. Miongoni mwao alikuwapo Mama Kanga. Vifaranga vyake vyote vilikuwa vimekufa, kimebaki kimoja tu, akikiita Doa.

Kulikuwa na mto, lakini Chatu alikaa kwenye ukingo wake, akimmeza kila aliyekuja kunywa. Basi kanga walipatana na jirani yao Ngiri. Ngiri alichimba vishimo kwenye mchanga wa korongoni, ule mfereji mkavu chini ya kilima, kwa pembe zake, maji yakatoka. Kanga wakamdonoa kupe mgongoni. Huyu akanywa, yule akapona.

Siku moja ndege korongo, wasafiri wa mbali, wakapita juu. Mkubwa wao akatazama chini, akalia machozi.

"Maskini kanga! Wanakunywa tope! Tuwajengee lambo juu ya kilima, kubwa, ambalo halijapata kuonekana!"

Mama Kanga akasema, "Karibuni, wageni. Lakini shida yetu sisi..."

"Pumzika, mama," akasema Korongo. "Tumekwisha kuona."

Wakaleta udongo wa mfinyanzi kutoka bonde la mbali, mbali kusikofikiwa na mabawa ya kanga. Wakabeba, wakabeba, wakabeba. Wakakandika. Mvua ikanyesha, lambo likajaa. Kanga wakaimba, wakacheza.

Ngiri akaja kwa Mama Kanga.

"Jirani, nikachimbe?"

"Maji tunayo, baba."

"Na kupe wangu?"

Mama Kanga akatazama chini, maana wenziwe wote walikuwa lamboni, kupe wamewasahau. Ngiri akangoja, akangoja, akangoja. Mwisho akasema, "Kwaherini," akashika njia. Korongo nao, msimu wao ulipokwisha, wakaruka kwenda kwao.

Jua likawaka. Lambo likapata ufa. Kanga wakasema, "Watakuja wenyewe korongo, walizibe." Likapata ufa wa pili. "Watakuja wenyewe." Likapata wa tatu, na maji yote yakazama ardhini.

Kanga wakashuka kule korongoni. Vishimo vilikuwa vimefukiwa na mchanga. Wakaimba:

*Ngiri ee, jirani ee,*
*njoo uchimbe tunywe!*

Kimya. Wakaimba tena. Kimya. Wakaimba tena, na upepo ukapita. Wakaparura kwa kucha zao hadi zikatoka damu, maji wasiyaone.

Doa akasema, "Mama, ulimi wangu umekuwa mzito."

Mama Kanga akamchukua mtoni. Afanyeje? Doa akainamisha kichwa anywe. Hakukiinua. Mama Kanga akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Chatu akarudi majini taratibu, ameshiba.

Msimu ukageuka, korongo wakarudi. Waliposikia habari wakalia, na kilio chao kilikuwa cha kweli.

"Kosa letu!" akasema mkubwa wao. "Tulileta udongo kidogo. Mara hii tutaleta maradufu!"

Mama Kanga akamwambia, "Bwana, machozi yako nayaona. Lakini mwanangu hakuuawa na uchache wa udongo."

Korongo akashtuka. Kwa mara ya kwanza akauliza, "Basi aliuawa na nini?"

Mama Kanga akafungua kinywa. Lakini wale korongo wengine walikuwa wamekwisha kuruka kufuata udongo, na kishindo cha mabawa yao kikameza maneno yake. Mkubwa wao akatazama juu, akamtazama mama, akatazama juu tena. Akaruka kuwafuata.

Mama Kanga akabaki pale, kinywa wazi.

Basi, wanangu, huruma isiyouliza ni mzigo kwa anayehurumiwa. Na ukimletea mtu kitu, tazama kwanza unaondoa kipi.

Hadithi imekwisha. Mwenye sikio ameichukua, asiye nalo aazime la jirani. Na wewe unayenisogezea kuni miguuni, asante sana, mwanangu, lakini ungeniuliza: mimi nasikia joto!